Kufuli la Honorata na Mawe ya Manyovu

Kwa mwaka mmoja na nusu Honorata Rusimbi wa Mwandiga alitembea na kufuli la chuma kiunoni. Lilikuwa kufuli kubwa, la kufungia ghala, na lilikuwa wazi. Alilifunga kwenye pindo la kanga, upande wa kushoto, akalima nalo, akaenda nalo kanisani, akalala nalo. Watu wa Mwandiga walimcheka, kisha wakazoea. Hapana aliyejua kwamba kufuli lile lingeharibu kazi ya watu wasomi, wala kwamba yeye mwenyewe ndiye angelazimika kulisema.

Habari hii nimeipata kwake na kwa watu waliofanya naye kazi. Sitapunguza kosa lake, wala sitamsifu kupita alivyostahili, maana mwenyewe hapendi.

Kufuli lilikuwa la mlango wa nyumba yao, yeye na mumewe Elia. Elia alikuwa Mrundi. Aliletwa na wazazi wake mwaka wa sabini na mbili, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, walipokimbia kutoka Nyanza-Lac. Alikulia Mwandiga, akasoma hapo hapo, akasema Kiha kama Muha, na akamwoa Honorata kwa ng'ombe wawili na maneno mengi ya wajomba. Hawakujaliwa mtoto. Kazi yake Elia ilikuwa kuweka alama kwenye mawe.

Kazi hiyo huwashangaza watu, kwa hiyo nitaieleza. Alikuwapo Kigoma mtaalamu wa miamba, Daktari Joanitha, mwenyeji wa Bukoba, aliyepangiwa nyumba Katubuka. Alikuwa akitafuta kujua nchi yetu ilikuwa wapi zamani, kabla mabara hayajasogea yakakaa yalipo leo. Ushahidi wake ulikuwa mawe mekundu ya milima ya Manyovu. Mawe hayo, kabla ya kuwa mawe, yalikuwa tope na mchanga. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo za chuma, na kila chembe ilijigeuza ikaelekea kaskazini, kama sindano ya dira inavyofanya. Tope lilipokauka na kuwa jiwe, chembe zikakwama pale pale. Baadaye nchi ikasogea, ikageuka, ikasogea tena kwa mamilioni ya miaka, lakini zile chembe zinaonyesha bado kaskazini ya siku ile. Mtu akipima mwelekeo huo kwa mitambo, na akajua jiwe lilikaaje mlimani kabla ya kutolewa, anaweza kusema nchi ilikuwa imeelekea wapi. Wataalamu wa nchi nyingi wakiweka vipimo vyao pamoja, huyarudisha mabara kama mfinyanzi anavyorudisha vipande vya chungu, na hapo hujua bahari gani ilifunguka kati ya vipande gani, na ipi ilitangulia.

Sasa, yote hayo yanasimama juu ya alama moja. Kabla jiwe halijaguswa na tindo, mtu huchora juu yake mstari wa usawa na mshale, anaweka dira, anasoma, anapima na mwinamo, anaandika namba kwenye jiwe na kwenye daftari. Ndipo linavunjwa. Jiwe lililovunjwa kabla ya kuchorwa ni kokoto tu, hata kama ni zuri namna gani. Na jiwe lililochorwa mshale wa uongo ni baya kuliko kokoto, kwa sababu kokoto halimdanganyi mtu.

Elia aliijua kazi hiyo kwa miaka saba. Alikuwa na kanuni zake. Kabla ya kufungua dira alitembea hatua kumi, akaweka huko nyundo, tindo, panga, saa ya mkono na mkanda wenye bizimu, ndipo akarudi mikono mitupu. Alimfundisha mkewe kanuni hizo nyumbani, kwa mzaha, akitumia dira na mwiko. "Chuma humpotosha mwenzake," alikuwa akisema.

Jumapili moja walishuka Bangwe, wakakaa juu ya mawe kando ya maji. Hewa ilikuwa safi baada ya mvua, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo, mikunjo yake yote.

"Unauona ule?" Elia akasema. "Huu tulioukalia na ule vilikuwa kitu kimoja."

"Nani alivitenganisha?"

"Nchi inavutwa. Huku inakwenda mashariki, kule magharibi. Katikati pakazama, maji yakaingia. Ndilo ziwa."

"Na bado inavutwa?"

"Bado. Polepole kuliko ukucha unavyoota. Daktari anasema bahari kuu nyingi zilianza hivi hivi, kwa ufa kama huu. Labda na hii itakuwa bahari siku moja, labda itachoka njiani. Hajui."

Honorata akamtazama. "Mimi nimeolewa na mtu anayejua ukucha wa dunia, na jiko langu linavuja."

"Jiko nitaliezeka Jumamosi."

"Jumamosi ya mwaka gani? Ya bahari?"

Wakacheka wote wawili. Jiko aliliezeka kweli, Jumamosi ile ile. Honorata hupenda nisiache jambo hilo.

Mwezi wa nane mwaka 1993 Warundi wengi wa Kigoma walikuwa wakienda kwao. Kulikuwa kumefanyika uchaguzi, watu wakasema mambo yametulia, kila mwenye shamba aende akalione. Elia hakuwa na kumbukumbu hata moja ya Nyanza-Lac, lakini marehemu baba yake alimhesabia michikichi ya shamba lao mara nyingi mno, mmoja mmoja, upande wa mto na upande wa njia. Akasema atakwenda wiki chache, aione, azungumze na watu waliolikalia, arudi. Asubuhi ya safari alifungua kufuli la mlango kama siku zote, akalitundika wazi kwenye pete ya mwimo wa mlango, ufunguo akautia mfukoni mwa koti kwa mazoea. Akaaga. Alikwisha panda gari la Manyovu Honorata alipoona kwamba amebaki na kufuli lisilo na ufunguo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu.

Alicheka. Alimwambia jirani yake Mwanvua, "Mtu anapima nchi nzima, na ufunguo wa nyumba yake hajui uko wapi."

Zilikuja salamu mara moja, kwa mdomo wa muuza dagaa: michikichi ipo, minane imekatwa, atarudi mwisho wa mwezi wa kumi. Mwezi huo wa kumi rais wa Burundi akauawa, na nchi ikawaka. Watu wakamiminika kuvuka mpaka, kwa miguu kupitia Manyovu, kwa mitumbwi mpaka Ujiji na pwani ya Kigoma, vichwani magodoro na sufuria, migongoni wazee. Elia hakuwamo.

Hapo ndipo Honorata alipolitoa kufuli kwenye pete na kulifunga kiunoni. Mwanvua alimkaripia.

"Jirani, si uende kwa fundi pale sokoni akuchongee ufunguo? Unalala mlango wazi kama banda la kuku!"

"Ninao ufunguo."

"Uko wapi?"

"Anao mwenyewe."

"Na wezi?"

"Mlango nautia gogo kwa ndani. Kufuli hili nikilibana, hakuna wa kulifungua ila Elia. Nikimwita fundi nimesema harudi."

Mwanvua akatikisa kichwa, akaenda zake, na kesho yake akamletea muhogo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Daktari Joanitha alikuja Mwandiga mwenyewe. Alikuwa amejaribu vijana wawili wa kuweka alama. Mmoja alichora mishale baada ya kuvunja mawe, akidhani ni pambo tu. Daktari aliketi kwenye kigoda cha Honorata, akamwuliza kama kuna daftari zozote za Elia zilizobaki. Honorata akamletea daftari, kisha akaanza kumweleza kilichomo, ukurasa kwa ukurasa. Daktari akafuata kwa kidole. Mwishowe akatoa dira mkobani.

"Nipimie kizingiti cha mlango wako."

Honorata akatoka nje, akaweka jembe mbali, akarudi, akapima mara mbili, akasoma. Daktari akapima naye. Tofauti ilikuwa digrii moja.

"Utaanza Jumatatu," Daktari akasema.

Siku ile, kwa sababu alikuwa akipika, alikuwa amejifunga kanga nyingine. Kufuli lilikuwa kitandani. Jambo hilo dogo lilikuja kukumbukwa baadaye.

Akaanza. Kila wiki alipanda na Januari, dereva na mvunjaji wa mawe, mpaka kwenye kingo za barabara juu ya Manyovu, mahali mwamba mwekundu umekatwa wima. Chini yao njia ilishuka kuelekea Burundi. Kazi aliipenda, nasema kweli, lakini kilichompandisha kule ilikuwa njia. Kati ya jiwe na jiwe alisimama akatazama watu wanaopanda. Alizitazama nyuso za wanaume, na makoti yao.

Januari alikuwa rafiki wa Elia, akamwita shemeji. Alikuwa mtu wa maneno.

"Shemeji, leo umepima mawe manne na watu mia nne."

"Wewe vunja mawe."

"Navunja. Ila nauliza, ukimwona, utaanza kumkumbatia au kumwuliza ufunguo?"

"Nitamwuliza amelala wapi. Kisha ufunguo."

"Maskini Elia. Bora abaki huko huko."

Halafu akaona amesema vibaya, akakamata nyundo, akavunja jiwe ambalo halijachorwa. Honorata alimtupia tindo na kumwita mpumbavu, na siku hiyo hawakusemeshana tena mpaka Mwandiga.

Mpaka mwezi wa pili mwaka 1995 walikuwa wamekusanya mawe themanini na manne. Yalikuwa yamepangwa katika masanduku Katubuka, yakingoja treni ya Dar es Salaam mwisho wa mwezi wa tatu, na kutoka huko yapelekwe ng'ambo kwenye mitambo ya kupimia sumaku. Ilikuwa imebaki ngazi moja tu ya mwamba, mawe manne au matano.

Siku walipopanda kuimalizia ngazi hiyo, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na watu walikuwa wengi njiani kupita kawaida, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita tena. Honorata alikuwa ameshapima jiwe mara ya kwanza na kuandika. Mwanamke mmoja akapanda ukingo akitafuta mahali pa kujikinga. Alikuwa na mtoto mchanga, amemfunika kwa gunia lililolowa, na mtoto alikuwa akitetemeka bila kulia.

Kirundi na Kiha ni ndugu; hawakuhitaji mkalimani. Honorata akamwuliza mtoto ana siku ngapi. Kumi na moja. Akafungua kanga yake ya juu, akafungua lile fundo, akalitoa kufuli na kumpa Januari alishike, akamvika mtoto kanga.

"Urakoze cane, mama," yule mwanamke akashukuru.

"Huko mlikotoka, mmepita Nyanza-Lac?"

"Hapana, mama. Sisi ni wa juu, milimani."

Akamwonyesha njia ya mahali wakimbizi wanapoandikishwa, mwanamke akashuka. Januari naye akaenda kwenye gari kujikinga mvua, kufuli mkononi. Honorata akarudi kwenye jiwe lake kupima mara ya pili, maana Elia alifundisha kila jiwe lipimwe mara mbili.

Dira ikasoma tofauti. Digrii tisa.

Akafuta maji kwenye kioo, akapima tena. Ikawa ile ile ya pili. Akatazama chini kutafuta nyundo. Ilikuwa mbali, hatua zake kumi. Tindo, huko. Panga, huko. Akapapasa kiunoni.

Mwenyewe husema kwamba alijua kabla mkono haujafika. Alikwenda kwenye gari, akamnyang'anya Januari kufuli, akalirudisha kiunoni, akapima: digrii tisa zikarudi. Akachuchumaa kwa namna nyingine: kumi na mbili. Akasimama wima: nne. Chuma chote alikuwa amekiweka mbali, siku zote, kwa uaminifu. Hiki kimoja alikuwa ameacha kukihesabu kuwa ni chuma.

Mishale themanini na minne yote ilikuwa imepotoshwa, tena kila mmoja kwa kiasi chake, kufuatana na alivyokaa kwenye jiwe hilo; na kwa kuwa alipima mara zote mbili bila kubadili mkao, namba zilikubaliana, asishuku kitu. Kama kosa lingekuwa lile lile kila mara lingeondolewa kwa hesabu. Hili halikuwa na hesabu.

Januari alielewa upesi kuliko alivyotarajiwa. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akavua kofia.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi hakuna anayejua. Sikiliza, shemeji. Mawe haya yana mamilioni ya miaka. Yatatudai nini? Ukisema, masanduku yatabaki, mradi utasimama, na sisi tutarudi kulima. Na wewe," akanyoosha kidole barabarani, "hutakuwa na sababu ya kukaa hapa. Watu ndio kwanza wanakuja. Wiki hii, wiki ijayo, naye anaweza kuwamo. Utamngoja ukiwa wapi? Sokoni?"

Alikuwa amegusa penyewe. Nauli ya kupanda Manyovu kila wiki Honorata hakuwa nayo. Aliyempandisha ni gari la mradi. Akisema, alikuwa akijitoa njiani kwa kinywa chake mwenyewe, wakati watu walipokuwa wengi kuliko siku zote.

Wako watu wanaoamini uongo mdogo ni wa Mungu kusamehe na dunia kusahau. Mimi siamini hivyo. Uongo uliowekwa kwenye msingi hausahauliki, unajengewa. Mawe yale yangepelekwa, mtaalamu fulani mbali huko angeiweka nchi hii mahali ambapo haikuwahi kuwapo, mwingine angepanga bara lake kufuata la kwetu, wa tatu angefungua bahari pasipo na bahari. Wala wasingejua kamwe kwamba wamefuata kiuno cha mwanamke wa Mwandiga.

Honorata hakufikiri habari ya mabara. Nilimwuliza. Alisema alifikiri habari moja tu: kwamba Elia akirudi atauliza kuhusu mawe. "Angeuliza kabla hajala," alisema. "Na mimi ningemjibu nini?"

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Hakula vizuri. Mwanvua alidhani ana malaria, akamletea vidonge. Siku ya nne akapanda basi dogo la mjini, akashuka Katubuka, akabisha hodi kwa Daktari Joanitha, kufuli mkononi.

"Daktari, shikamoo. Nimekuja kusema kosa langu."

Daktari alikuwa akifunga masanduku kwa misumari. Akamkaribisha kiti, Honorata akakataa. Akasema yote akiwa amesimama: kufuli, kanga, digrii tisa, kumi na mbili, nne. Akaliweka kufuli mezani karibu na dira, na sindano ikaligeukia.

Daktari Joanitha hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Miezi tisa, Honorata. Miezi tisa. Nimewaandikia watu wa mitambo mara tatu wanipe nafasi."

"Najua, Daktari."

"Hujui. Na kwa nini ulibeba kufuli?"

Honorata akamweleza habari ya ufunguo. Daktari akageuza uso dirishani. Alipogeuka tena alikuwa amekwisha shika nyundo, akaanza kung'oa misumari aliyopigilia.

"Mawe hayaendi na treni hiyo," akasema. "Mmeyavunja kwenye mwamba, sivyo? Kovu la kila jiwe bado liko mlimani. Jiwe linaloweza kurudi kwenye kovu lake likakaa bila kucheza, tutalipima upya. Lisilorudi tutalitupa. Lakini kwanza ukae hapa, uyapange yote kwa namba na kwa ngazi ya mwamba, kila ukingo uoshwe. Wiki tatu, nne. Huendi mlimani mpaka umalize."

"Wiki nne, Daktari?"

"Ulikuwa na safari?"

Honorata akafikiri njia ya Manyovu. "Sina safari," akasema.

Akakaa Katubuka mwezi mzima wa tatu, akiosha kingo za mawe kwa mswaki. Kila jioni Januari alipopita na gari akitoka Manyovu, Honorata alimwuliza kuhusu watu wa njiani, naye alimjibu bila mzaha: wengi, shemeji, leo wengi sana, nimeangalia, sikumwona, lakini mimi naendesha, siwezi kuwaona wote. Siku ya mwisho ya mwezi, redio ikatangaza kwamba serikali imefunga mpaka na Burundi. Honorata alikuwa amefika jiwe la themanini. Akamaliza manne yaliyobaki.

Asubuhi ya kupanda Manyovu lilikuwapo tatizo la kufuli. Kulibeba hawezi. Kuliacha kitandani hataki. Mlango hauna cha kuufunga kwa nje, na chuma chema hakilali wazi Mwandiga. Mwanvua alijitolea kumtunzia.

"Watoto wako watalichezea, watalibana," Honorata akasema.

"Basi ulibane mwenyewe, tupumzike wote!"

Januari alipiga honi mara mbili. Mwisho Honorata akalipitisha kufuli kwenye ile pete ya mwimo, pete moja tu, bila kushika komeo la mlango, akalibana. Likalia. Mlango ulibaki unafunguka na kufungwa kama kawaida; ila kufuli halikuweza tena kutoka pale kwa mkono wa mtu yeyote, isipokuwa mwenye ufunguo.

"Sasa umefunga nini?" Mwanvua akauliza.

"Sijafunga kitu."

Mlimani njia ilikuwa tupu. Askari wawili walikaa chini kwenye kizuizi, na mbuzi walikuwa wamelala katikati ya barabara. Honorata hakuwa na la kutazama ila mwamba. Alichukua jiwe la kwanza, akatafuta kovu lake kwa namba, akalisukuma taratibu, akaligeuza kidogo. Likaingia. Anasema alisikia mguso huo mpaka kwenye meno. Akapima mara mbili, dira ikasema jambo moja mara zote mbili. Akafuta mshale wa zamani kwa msasa, akachora mpya.

Kazi ilikula wiki tano. Mawe hamsini na moja yalirudi mahali pake. Thelathini na matatu kingo zake zilikuwa zimesagika kwa nyundo au njiani, yakacheza kovuni kama jino bovu. Januari alisema baadhi yanaweza kubanwa kwa udongo kidogo, yatulie. Honorata aliyabeba mwenyewe, mawili mawili, akayatupa bondeni.

Hamsini na moja yakaenda na treni. Majibu yalikuja mwaka uliofuata, na Daktari Joanitha alikwenda Mwandiga na karatasi. Juu yake palikuwa na duara, na ndani ya duara vitone hamsini na kimoja, vimekusanyika mahali pamoja kama kuku kwenye mtama.

"Hapa ndipo kaskazini ilipokuwa," Daktari akasema. "Ingekuwa mishale ya zamani, vitone vingetawanyika duara zima. Nisingepata kitu. Au ningepata uongo, nikaupenda."

"Kwa hiyo nchi ilikuwa wapi?"

"Mbali na hapa. Na ilikuwa imegeuka. Nina mambo mengi ya kulinganisha bado."

Honorata akaishika ile karatasi. "Mawe yanaweza kusema vitu vitarudi pamoja?"

Daktari akafikiri, maana hakuwa mtu wa kufariji kwa uongo. "Hapana," akasema. "Yanasema vilikotoka tu."

Watu wameniuliza ukweli ulimlipa nini mwanamke huyu. Sina jibu la kupendeza. Ulimnyang'anya mwezi mmoja wa njia ilipokuwa imejaa, na kama Elia alipita katika mwezi ule hakuna ajuaye. Hakuna aliyemwona Mwandiga, wala jina lake halikuonekana katika orodha za makambi alizosomewa. Ulimwachia kazi, na mawe hamsini na moja anayoweza kuyasimulia kwa Elia bila kuinamisha macho.

Amekwenda Manyovu mara nyingi tangu hapo, kwa mawe mengine. Huenda mikono mitupu, kanga imefungwa bila fundo. Na kila anaporudi jioni, akishuka garini kwenye kona ya mnazi uliokatika, hatazami mlango kama uko wazi au umefungwa, wala moshi wa jiko. Hutazama pete. Siku ambayo pete itakuwa tupu atajua nani yumo ndani.

Nimesafiri naye mara moja katika gari hilo. Tulipofika kwenye kona aliinua kichwa, akatazama, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Lipo," akasema, na akashuka.